Zacharia na Mnyoo Aliyetoka Adhuhuri

Zacharia alikuwa mtu wa Malava, Kakamega, na hadi alipofikisha miaka thelathini na minane hakuwa ameiona bahari. Aliiona Jeddah, kupitia dirisha la gari la kazi, na aliniambia baadaye kwamba hakuona uzuri wowote. Aliona maji mengi kupita kiasi ambayo ng'ombe hawezi kunywa.

Miaka saba baada ya siku hiyo alikuwa fundi wa matangi katika duka la samaki wa mapambo mjini Riyadh, na mimi nilikuwa dereva wake. Kazi ya duka ilikuwa kuweka bahari ndani ya nyumba za watu: tangi la kioo refu kama kitanda, lenye chumvi yake, taa zake na matumbawe yake, katika mji ulio katikati ya jangwa, mwendo wa saa kumi kwa gari kutoka ufukweni. Kila baada ya wiki mbili tulishuka Jeddah. Tulipakia maji, mawe na viumbe kwa mtu mmoja aliyekuwa na ghala karibu na bandari, tulilala Kandara, mtaa wa hukohuko Jeddah, katika chumba cha wanaume kumi na mmoja wa kwetu, kisha tulirudi.

Kandara walimwita Daktari. Danson, aliyekuwa mlinzi wa jengo la maduka, ndiye aliyekuwa na mdomo zaidi. "Daktari," alikuwa akimwambia, "samaki wako wana taa, wana chakula mara mbili, na mtu wa kuwapima joto. Siku duka likikosa samaki mmoja, peleka jina langu." Wote walicheka, na Zacharia alicheka nao, akiangalia chini. Hakuwa mtu wa kujibu. Ukimwuliza jambo alifikiri kwanza, na mara nyingi alipokuwa tayari kujibu, watu walikuwa wameshahamia habari nyingine.

Kazi alifundishwa na mzee Bakri, Msudani aliyekuwa dukani kabla yetu. Bakri alimfundisha chumvi, joto na ulishaji, lakini kitu alichomfundisha kwa muda mrefu kuliko vyote kilikuwa mnyoo bapa. Nilikuwepo siku hiyo. Bakri alimweka mnyoo kwenye sahani ya kioo yenye maji ya bahari, akatuita tuinamie.

Alikuwa mwembamba kama jani la mrenda lililolowa, upana wa vidole viwili, rangi ya kahawia yenye madoa mithili ya chai iliyomwagika. Hakuwa na kichwa cha kusema hiki ni kichwa. Mbele kulikuwa na mikunjo miwili iliyosimama kama vipembe, na juu yake nukta nyeusi ndogo sana. Hayo ni macho, Bakri alisema, ila hayaoni sura ya mtu, yanajua tu mwanga na giza. Hana moyo wala damu ya kuzunguka. Hana mapafu wala matamvua kama ya samaki, anavuta hewa kwa ngozi yake yote, na ndiyo sababu ni bapa. Angekuwa mnene, nyama ya ndani ingekosa hewa ikafa. Anatembea kwa vinyweleo vidogo vya tumboni ambavyo jicho haliwezi kuviona, juu ya ute anaoutoa mwenyewe, na kwa hiyo haonekani kutambaa. Anateleza tu, kama kivuli cha kitu kinachopita juu.

Bakri alimgeuza kwa ncha ya kijiti. Mdomo ulikuwa chini, katikati ya tumbo, mahali ambapo hakuna mtu angeutafuta. Anapokula, koo lake hutoka nje likiwa na mikunjo kama kitambaa, likamfunika mnyama na kumyeyusha papo hapo. Utumbo wake umegawanyika matawi matawi mwili mzima, lakini hauna tundu la nyuma. Kinachobaki kinarudi kwa mdomo uleule. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na mayai huyabandika chini ya jiwe kama utando.

"Anakaa wapi?" Zacharia aliuliza.

"Chini ya kila jiwe ambalo hukuligeuza," Bakri alijibu.

Alimaanisha hivyo hasa. Yeye alikuwa amewaona wa jamii hiyo Port Sudan akiwa mtoto, na tena upande huu wa pili, kuanzia ghuba ya Akaba, kupita Yanbu na Jeddah, hadi visiwa vya Farasan. Alisema wako hadi bahari ya kwetu na mbele zaidi, popote penye maji ya joto, matumbawe na nyufa. Mchana hujibana ndani ya jiwe. Giza likiingia hutoka. Wengine hula chaza: huingia kwa upenyo wa magamba, mwembamba vile alivyo, hukaa ndani na kula mwenye nyumba taratibu, na nje hakuna anayejua.

Kisha Bakri alichukua kikombe cha maji ya bomba na kumwaga kwenye sahani. Mnyoo alijikunja, akavimba, akapasuka kingo. Alikuwa ameumbwa kwa chumvi, na maji matamu yalimwua kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Hapo ndipo ilipotoka sheria ya duka. Kila jiwe linalotoka Jeddah huzamishwa katika maji matamu kwa dakika kumi kabla halijaingia tangi la mteja. Kinachodondoka chini ya ndoo hutupwa. Halafu fundi anatia sahihi kwenye karatasi ya mteja: mawe yameoshwa kwa maji matamu, dakika kumi. Bakri alipoondoka, sahihi hiyo ikawa ya Zacharia. Kafili wetu, yule mwajiri aliyetudhamini nchini, alikuwa akisema kwamba duka lake linaishi kwa karatasi hiyo, na alikuwa tayari amemrudisha kwao fundi mmoja kwa kosa dogo kuliko kutokuosha mawe.

Mwaka huu, wiki ya mwisho ya Shaabani, tulikuwa Jeddah tukichukua mawe ya nyumba moja kubwa ya Riyadh. Mwenye nyumba, ambaye sisi wote tulimwita Baba, alikuwa na chaza wanane wakubwa katika tangi la majlisini, sebule yake ya wageni, wa samawati, wa kijani na wa zambarau, kila mmoja na midomo yake laini iliyojikunja kama kitambaa cha hariri. Aliwapenda kuliko farasi wake. Alitaka mawe mapya, mlima mdogo wa mawe, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, kwa sababu wageni wangeanza kuja usiku wa kwanza.

Kandara gari la maji lilikuwa halijaja kwa siku mbili. Pipa la ukumbini lilikuwa limebaki na robo, na wanaume kumi na mmoja walikuwa wanangojea kuoga ndipo waende kazini. Mawe yetu yalihitaji ndoo nne. Zacharia alisimama mbele ya pipa, akalitazama, akaninong'oneza kwamba hawezi kuchukua maji ya watu ili aoshe mawe. Angeweza kueleza. Angeweza kuomba, na Danson angemkejeli kisha angempa. Lakini kuomba mbele ya watu kulikuwa kumshinda tangu utotoni. Madukani, ambako tungenunua maji, palikuwa pamefungwa kwa swala ya alasiri, na simu ya kafili ilikuwa inalia kwa mara ya tatu.

"Nitayaosha Riyadh," aliniambia.

Riyadh tulimkuta Baba langoni akiwa amevaa kanzu nyeupe, akipiga makofi. Yalla, yalla. Binamu zake walikuwa njiani. Mawe yalitoka garini yakaingia tangini yakiwa bado na maji ya bahari ya Jeddah. Zacharia aliyapanga vizuri sana, hilo ni lazima niseme, yakawa na mapango na madaraja. Halafu Baba akamletea kalamu na ile karatasi ya mteja. Zacharia aliishika kalamu. Alinitazama, nami niliangalia ndoo. Akatia sahihi.

Kabla hatujaondoka, Baba alitaka jambo moja zaidi. Mwezi wa Ramadhani nyumba hulala mchana na kukesha usiku, na tangi la kulala usiku lingekuwa na faida gani kwa wageni? Zacharia aligeuza saa ya taa. Kuanzia siku hiyo taa ziliwaka magharibi zikazimika alfajiri. Mchana mapazia mazito yalifungwa, na majlisi ikawa giza tupu. Nyumba nzima ililala, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Selipher, msichana wa kazi, mtu wa Butere, aliyekuwa na miaka miwili na nusu katika nyumba hiyo. Nasema msichana kwa mazoea tu, kwani alikuwa na watoto wawili wakubwa. Kwa sababu aliongea Kiluhya karibu kama cha Zacharia, kila tulipokwenda kusafisha tangi walisalimiana kwa maneno mawili matatu pale mlango wa jikoni, na Zacharia alirudi garini akiwa mwepesi kidogo. Selipher alikuwa na ulimi. Alimwambia siku moja kwamba kati yake na wale samaki, samaki ndio waongeaji.

Chaza wa kwanza alikufa siku ya sita ya Ramadhani. Tuliitwa. Alikuwa amebaki wazi, magamba yamefunguka kama kitabu, na ndani hamna kitu, weupe tu. Zacharia alipima chumvi, akapima joto, akasema labda ni mabadiliko ya taa. Siku ya tisa alikufa wa pili. Safari hii Zacharia alimtoa kwa mikono miwili na kumshikilia kwa muda mrefu karibu na uso wake. Niliona ute ukining'inia kutoka kwenye bawaba ya magamba. Niliona pia, au nilidhani nimeona, kitu cha kahawia kikirudi nyuma ndani ya jiwe lililokuwa chini yake. Nikamwuliza njiani alikuwa anatafuta nini. Akasema hana hakika.

Siku ya kumi na mbili, wa tatu. Kumi na nne, wa nne.

Madam, mke wa Baba, ndiye aliyeanza kuhesabu kwa namna nyingine. Chaza hawakufa usiku wageni wakiwatazama. Kila mmoja alionekana mzima wakati wa daku, na alasiri watu walipoamka alikuwa maiti. Kwa hiyo walikufa mchana. Na mchana nani alikuwa macho ndani ya nyumba hiyo? Nani aliyepita majlisini na kitambaa chake na dawa ya vioo, akiimba chini kwa chini kwa lugha ambayo hakuna mtu aliijua?

Madam aliingia chumba cha Selipher, kile cha nyuma ya jiko, akapekua. Alipata chupa ndogo ya mafuta ya kupakwa wakati wa maombi, aliyopewa na mchungaji wake siku aliyoondoka kwao. Alipata pia daftari, na ndani yake, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mkono wa Selipher, majina ya watoto wa Madam: Rakan, Lulwa, Rakan, Lulwa, na jina la Madam mwenyewe. Kwetu kila mtu anajua hilo ni daftari gani. Unaandika majina ya wale unaowaombea, usije ukamsahau mmoja. Lulwa alikuwa na pumu na Selipher alimwandikia kila siku. Lakini mtu asiyejua, akiona jina la mtoto wake limeandikwa mara mia na mgeni, karibu na chupa ya mafuta, katika nyumba ambayo vitu vinakufa bila jeraha, anafikiria neno moja tu. Sihiri.

Katika nchi ile neno hilo halitamkwi ovyo. Likifika polisi haliwi tena neno la jikoni. Tumewasikia walioingia kwa neno hilo, na hakuna kati yetu aliyewahi kukutana na mmoja wao akitoka.

Selipher alifungiwa chumbani siku ya kumi na tano. Simu yake ilichukuliwa. Tulijua kwa sababu siku ya kumi na sita tuliitwa kumtoa chaza wa tano, na tukiwa jikoni tulisikia kikohozi chake nyuma ya mlango, na Zacharia akasimama hapo na ndoo mkononi. Madam alimwambia Baba mbele yetu, kama watu wanavyosema mbele ya ukuta, kwamba uchawi hauzuiwi na mlango uliofungwa, na kwamba kaka yake anakuja kutoka Jeddah, nyumba yao ya mtaa wa Al-Hamra, siku ya kumi na nane. Atalichukua daftari, na mwanamke mwenyewe, na kupeleka vyote vinakostahili.

Siku hizo mbili Zacharia hakula. Chumba chetu cha Riyadh kilikuwa nyuma ya duka, na mabomba ya matangi yalikuwa yakivuma humo saa zote. Alikaa kitandani akiwa ameishika tochi. Nilimwambia kuna njia. Tungeweza kumwambia kafili kwamba mnyoo amepatikana, tangi lisafishwe, halas, yaishe. Hakuna haja ya kusema alivyoingia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na wakiuliza, Fred?" alisema.

Nikamwambia wataulizaje, wao wanajua nini kuhusu minyoo.

Siku ya kumi na nane tulifika kwa Baba kabla ya adhuhuri bila kuitwa. Sikuwahi kumwona Zacharia akienda mahali bila kuitwa. Mlinzi alimwamsha Baba, naye akatoka na macho mekundu na mdomo mkavu wa mtu aliyefunga. Zacharia, kwa Kiarabu chake cha kazini, cha maneno yaliyovunjika, alimwomba akae naye majlisini, gizani, bila kusema, kwa saa moja. Alifikiri Baba angemfukuza. Baba alimtazama kwa muda, akaangalia tangi ambalo chaza watatu tu ndio waliokuwa wamebaki, akaketi kwenye zulia.

Tulikaa watatu. Mapazia yalikuwa yamefungwa na mvumo wa kiyoyozi ulikuwa kitu pekee kilichosikika. Nyuma ya mlango wa ndani, uliokuwa wazi kidogo, nilijua Madam amesimama, kwa sababu nilisikia kitambaa kikigusa mbao. Zacharia alikuwa ameifunga tochi kwa mfuko mwekundu wa plastiki, kwa vile Bakri alimwambia mwanga mwekundu hauwashtui. Aliiwasha akaielekeza chini, kwenye mlima wa mawe aliouweka kwa mikono yake.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Baba alianza kupumua kama mtu anayesinzia. Halafu upande mmoja wa jiwe ulisogea.

Sijui niseme vipi. Jiwe lilikuwa limetulia, na ngozi ya jiwe ikawa inatembea. Ilitoka kwenye ufa mwembamba kuliko ukucha, ikazidi kutoka, ikajikunjua mpaka ikawa pana kama kiganja, kahawia juu ya kahawia, kingo zake zikipiga mawimbi madogo. Alikuwa mkubwa mara mbili ya yule wa Bakri. Alikuwa amenenepeshwa na chaza watano. Vile vipembe viwili vya mbele viliinuka, vikapapasa upande huu na ule, na mnyoo mzima akateremka kwenye jiwe akaelekea kwa chaza wa zambarau bila kuonyesha haraka. Chaza alihisi, akajifunga. Mnyoo alilala juu ya mshono wa magamba, kimya. Chaza hawezi kujifunga siku nzima. Alipofunguka kiasi cha unene wa karatasi, ukingo mmoja wa mnyoo uliingia.

Baba alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa kioo. Alitamka jina la Mungu taratibu.

Zacharia aliingiza mkono kwa koleo refu, akambandua mnyoo, akamweka kwenye bakuli. Akafungua pazia. Akaeleza, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, mdomo uko wapi na unafanya nini, na kwamba mnyama huyu anafuata giza. Usiku mlikuwa mnawasha taa, alisema. Mchana ndio usiku wake. Selipher hakufanya kitu isipokuwa kuwa macho.

Nilidhani yameisha. Nilishaanza kuokota ndoo. Hapo sauti ya Madam ikatoka nyuma ya mlango.

"Nani aliyemleta?"

Baba aligeukia mlango.

"Nimeuliza nani aliyemleta. Tangi hili lina miaka minne bila mdudu." Mkono ulitoka mlangoni na karatasi, na Baba akaipokea. Ilikuwa ile ya Shaabani. "Hapa wameandika mawe yameoshwa kwa maji matamu, dakika kumi. Wewe mwenyewe ulituambia maji matamu yanaua kila kilichomo. Basi mdudu hakuja na mawe. Ameletwa baadaye, na aliyemleta yumo humu ndani na majina ya wanangu."

Kila alichosema kilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonifanya nihisi baridi. Mnyoo tuliyemtoa ili kumwokoa Selipher alikuwa sasa anamfunga zaidi, na kilichomfunga kilikuwa sahihi moja. Baba aliiangalia karatasi, akamwangalia Zacharia. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayetaka kujua.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliyaosha?"

Zacharia alitazama bakuli. Mnyoo alikuwa anazunguka ukingoni, akitafuta mahali penye giza. Nikajua Zacharia anafanya kile alichofanya siku zote, anafikiri kwanza. Nilitamani mtu aingilie, simu ilie, habari ibadilike. Lakini safari hii kila mtu alingoja.

"Sikuyaosha," alisema. Akarudia kwa sauti zaidi, kuelekea mlangoni, ili Madam asikie. "Mafi maji. Jeddah hakukuwa na maji, na hapa hakukuwa na wakati. Niliyaweka hivyohivyo nikatia sahihi. Mnyoo nimemleta mimi. Selipher hajui hata jina lake."

Kisha Madam akauliza, na daftari je?

Baba alijibu bila kugeuka. Alisema kama hakuna kilichouawa, daftari ni daftari tu, na mtoto wake aliyekuwa ameandikwa humo alikuwa mzima chumbani anacheza na simu. Aliomba funguo. Baada ya muda zilitupwa zikateleza juu ya marumaru hadi miguuni pake.

Alitoa karatasi nyingine. Akamwamuru Zacharia aandike kosa lake kwa lugha yoyote, atie sahihi, kwa sababu shemeji yake angefika alasiri na hakuwa mtu wa kukubali maneno ya mdomo. Zacharia aliandika kwa Kiswahili. Alichukua muda, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa darasa la saba kama wangu. Baba akampigia kafili wetu simu, akaisogeza pembeni ya sikio. Tulisikia kafili akipaza sauti, kisha akishusha, kisha neno khuruji, ule muhuri wa kutoka bila kurudi. Zacharia alilisikia akiwa bado anaandika, na hakuinua kichwa.

Selipher alitolewa na Baba mwenyewe. Alisimama mlango wa jikoni, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, macho yakiumia kwa mwanga. Alikuwa amekonda kwa siku tatu kama mtu aliyeugua mwezi mzima. Baba alimweleza kwa ufupi: ni mdudu, ni huyu mtu, amekiri. Kisha akaondoka kwenda kumzuia shemeji yake kwenye simu.

Selipher alisogea akaangalia ndani ya bakuli. Akamwangalia Zacharia. Nilidhani angelia, au angemshika mkono.

"Ndugu yangu," alimwuliza kwa Kiluhya, "ulijua tangu lini?"

Zacharia angeweza kusema leo. Hakuna mtu hapo angempinga, hata mimi.

"Tangu yule wa pili," alisema.

Selipher alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo ikisogea kidogo: wa tatu, wa nne, mlango, simu, wa tano. Alikuwa na ulimi, nimeshasema, na nilimsubiri autumie. Alisogea nyuma hatua moja. Kisha macho yake yalihama kwa Zacharia yakaja kwangu, mimi niliyebeba ndoo za mawe siku ile, yakakaa kwangu muda uleule.

Saa ya futari haikuwa mbali na nyumba ilikuwa inangojea wageni. Aligeuka, akafunga kitambaa chake vizuri, akafungulia maji ya bomba na kuanza kunawa mikono. Zacharia alisimama na koleo lake, akimngoja aseme chochote. Mlinzi akaja akatuambia gari letu limezuia lango, na mgeni kutoka Jeddah, kaka yake Madam, ameshafika.